Hamira: kiumbe hai kinachoumua mikate ya Arua na Koboko

Kabla ya jua kuchomoza mjini Arua, majiko ya wauza mandazi huwa yamekwisha kuwaka. Unga uliokandwa jioni umelala usiku kucha ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa, na asubuhi umejaa hadi ukingoni. Lakini ipo siku ambayo kitambaa hufunuliwa na unga ukakutwa vile vile ulivyoachwa: mzito, haujapanda hata kidole kimoja. Mwenye biashara ndogo hupoteza unga, sukari, kuni na wateja wa asubuhi nzima. Mara nyingi kosa haliko mikononi mwake. Hamira aliyonunua ilikuwa imekufa kabla haijafika jikoni.

Neno "kufa" hapa halitumiki kwa mfano tu. Hamira ni aina ya kuvu yenye seli moja, na wataalamu huiita Saccharomyces cerevisiae. Seli zake ni ndogo mno: zikipangwa foleni zaidi ya mia moja ndipo zinapotimia milimita moja. Gramu moja ya hamira kavu inayouzwa dukani ina mabilioni ya seli hizo, zote zimelala usingizi wa ukame zikingojea maji. Zikipata maji, uvuguvugu na sukari huamka, hula na kuzaana kwa kuchipua: seli changa huota ubavuni mwa mama yake kisha hujitenga.

Penye hewa ya kutosha, hamira hutumia sukari kukua na kuongezeka. Hewa inapokuwa haba, kama ilivyo ndani ya donge la unga au ndani ya mtungi wa pombe, huivunja sukari kuwa vitu viwili: gesi ya kaboni dioksidi na kileo. Mwokaji anaitaka gesi, mpika pombe anakitaka kileo. Kiumbe ni kimoja na kazi yake ni moja. Tofauti iko katika kile ambacho binadamu amekusudia kubaki nacho. Katika majumba ya Waislamu wa Koboko na Arua huulizwa kama mkate uliotiwa hamira una kileo. Kikemia, kileo kidogo hutokea wakati unga unapoumuka, na sehemu kubwa yake hupotea kwa moto wa tanuri au wa mafuta. Kinachobaki ni kidogo sana. Hukumu ya kidini ni ya wenye elimu yake.

Neno hamira limetoka katika Kiarabu, lakini ufundi wenyewe ni wa kale kuliko jina hili. Wamisri wa zamani walioka mikate iliyoumuka na kupika pombe ya nafaka maelfu ya miaka iliyopita, bila kujua ni nani aliyekuwa akiwafanyia kazi. Kati ya mwaka 1857 na 1860, mwanakemia Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kuwa uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1883, Emil Christian Hansen, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kukuza hamira safi kutoka katika seli moja tu. Tangu hapo hamira ikawa bidhaa ya kiwandani: hukuzwa katika matangi makubwa, hulishwa molasi inayobaki baada ya kutengeneza sukari, hupulizwa hewa, huchujwa, kisha hukaushwa na kufungwa.

Safari ya pakiti

Hamira mbichi, ambayo waokaji wa Ulaya huinunua kama mche wa sabuni, ina maji mengi na hudumu majuma mawili au matatu tu ndani ya friji. Kwa mkoa wa Nile Magharibi, ambao kwa miaka mingi haukuwa umeunganishwa na gridi ya umeme ya taifa na ulitegemea jenereta na kituo kidogo cha maji cha Nyagak, bidhaa ya namna hiyo haikuwa na nafasi. Hamira kavu ndiyo iliyoleta mkate wa dukani hadi mpakani. Pakiti yake ikiwa haijafunguliwa hudumu mwaka mmoja hadi miwili.

Mashaka huanza pakiti inapofunguliwa. Hewa, unyevu na joto huziua seli kidogo kidogo. Muuzaji wa sokoni anayenunua pakiti ya gramu 500 na kuigawa katika vikavera vidogo vilivyofungwa fundo anamsaidia mnunuzi asiye na fedha nyingi, lakini kila fundo limekwisha kuingiza hewa. Vikavera hivyo vikikaa majuma kadhaa juu ya meza inayopigwa jua, mnunuzi wa mwisho hupata unga wa rangi ya udongo wenye harufu nzuri na usio na uhai. Kwa macho, hamira hai na hamira mfu hazitofautiani.

Ipo njia ya kuipima isiyogharimu chochote cha maana. Kijiko kidogo cha hamira hutiwa ndani ya nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, kikaachwa kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Ikitoa povu na kupanda, ni nzima. Maji yakibaki kimya na unga ukatulia chini, afadhali kupoteza kijiko hicho kuliko kilo tano za unga wa ngano. Maji yenyewe yasichome mkono: nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi zinatosha, na yakifika 60 seli hufa. Wengi huua hamira yao kwa nia njema, wakidhani maji ya moto zaidi yataiharakisha. Chumvi nyingi ikimwagwa moja kwa moja juu yake huidhoofisha pia. Ni bora chumvi ichanganywe kwanza na unga.

Kiasi kinachohitajika si kikubwa. Kilo moja ya unga wa ngano hutosheka na takribani gramu kumi za hamira kavu, na ikiwa unga utalala usiku kucha, hata theluthi ya kiasi hicho yatosha. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini miezi ya kiangazi ni ya joto, na joto huifanya hamira ikimbie. Unga uliotiwa hamira nyingi na kulazwa katika chumba chenye joto huumuka kupita kiasi, kisha hushuka na kuwa na ukali wa pombe. Mandazi yake hunywa mafuta mengi, na mafuta hayauzwi rahisi.

Hamira isichanganywe na ile poda nyeupe ya kopo inayoumulia keki. Poda hiyo si kiumbe. Ni kemikali zinazotoa gesi zinapokutana na maji na moto, kazi yake huisha kwa dakika chache, na haiongezi kitu katika ladha wala katika lishe.

Kwa nini muhogo hauumuki

Hapa ndipo lilipo tatizo kubwa la mkoa huu. Ardhi ya Walugbara na Wakakwa hutoa muhogo, mtama, ulezi ambao Uganda huitwa pia wimbi, mahindi, karanga na ufuta. Haitoi ngano. Uganda hulima ngano kidogo katika nyanda zake za juu na huagiza sehemu kubwa kutoka nje. Hupitia Mombasa, husagwa, kisha husafirishwa takribani kilomita 500 kutoka Kampala hadi Arua, na kutoka hapo hadi Koboko na mpaka wa Sudan Kusini. Vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka mwaka 2022 na bei ya ngano kupanda duniani, mandazi ya mtaani kote Uganda yalipungua ukubwa.

Swali linalojitokeza ni rahisi: kwa nini hamira isitiwe katika unga wa muhogo, ambao upo tele? Jibu ni kwamba hamira hutoa gesi lakini haiwezi kuishika. Kinachoishika ni protini ya ngano iitwayo gluteni, ambayo ikikandwa na maji hunyumbuka kama mpira na kufanya vifuko vidogo visivyohesabika. Gesi hujaa humo, moto huvigandisha, na mkate hubaki umesimama. Muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana, na gluteni hauna kabisa. Hamira ikitiwa humo, gesi hutoka kama moshi unavyotoka katika nyumba isiyo na paa.

Njia ya kati ni kuchanganya. Unga safi wa muhogo ukiwa asilimia 10 hadi 20 ya unga wote, mkate huumuka vizuri na mlaji wa kawaida hatambui. Ukipita theluthi, mkate hubaki mfupi na hupasuka. Mandazi yana uvumilivu zaidi kwa sababu mafuta ya moto huliganda ganda lake haraka. Wapwani nao wana somo lao: vitumbua hupikwa kwa mchele, ambao hauna gluteni, lakini huumuka kwa sababu uji wake mzito humiminwa katika vishimo vya kikaango vinavyoushikilia hadi uive. Muhogo na mtama huweza kupikwa kwa mtindo huo. Kinachotakiwa ni chombo cha kushika kile ambacho unga hauwezi kukishika wenyewe.

Onyo moja ni la lazima. Hamira ya pakiti haiondoi sumu ya muhogo mchungu. Katika sehemu nyingi za kaskazini na magharibi mwa Uganda, mihogo humenywa, hurundikwa na kufunikwa kwa siku kadhaa hadi iote kuvu, kisha hukwanguliwa, huvunjwavunjwa na kuanikwa. Kuvu hizo na bakteria hulainisha nyama ya muhogo, na sianidi hupata njia ya kutoka. Ni uchachukaji wa aina yake, si kazi ya hamira ya mkate, na hauna njia ya mkato. Mwezi Septemba mwaka 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula unga wa muhogo wenye sianidi nyingi.

Kabla ya pakiti

Ingekuwa makosa kudhani kwamba hamira ilifika Nile Magharibi ndani ya karatasi ya kiwandani. Ilikuwapo siku zote: juu ya maganda ya nafaka, ndani ya mitungi, katika nyufa za vibuyu. Kwete, pombe nzito ya Walugbara na majirani zao, ni ushahidi wake. Unga wa mahindi huchanganywa na maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya moto hadi ubadilike rangi na kutoa harufu nzuri. Baadaye hutiwa maji na kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, kwa sababu hamira haina uwezo wa kula wanga mkavu. Ndipo hamira na bakteria wa uchachu huanza kazi pamoja. Hakuna anayetia hamira. Mtungi uliotumika jana unayo tayari.

Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa Emin Pasha waliotoka Sudan, wana jamii kongwe Arua na Koboko, na wametunza vyakula vyao vya uchachu. Kisra ni mkate mwembamba kama karatasi, unaotandazwa juu ya bamba la moto kutokana na uji wa mtama uliochachushwa. Gurusa ni mnene zaidi na hutumia unga wa ngano uliotiwa hamira. Wakimbizi kutoka Sudan Kusini wanaijua kisra kama chakula cha nyumbani, na sokoni Koboko vyakula hivi hukutana na mandazi na chapati zinazoliwa na jamaa wa Kikongo wanaoishi katika makazi ya Lobule. Mpika kisra huacha uji kidogo chini ya chombo kuwa mbegu ya kesho. Ndani ya mbegu hiyo bakteria huleta uchachu na hamira huleta harufu na vitundu.

Kilichomo kwa mwili

Hamira yenyewe ni chakula. Ikikaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni protini, nayo ina lisini kwa wingi, ile sehemu ya protini ambayo mahindi na mtama vina upungufu nayo. Ina vitamini za kundi B: B1, B2, niasini na foleti. Haina vitamini B12 isipokuwa ile iliyoongezwa kiwandani, jambo ambalo wauzaji wa vyakula vya afya hawalisemi kila mara.

Nguvu ya foleti hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza mbali na Ulaya. Mwaka 1928 daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay kuchunguza upungufu mkubwa wa damu uliowapata wanawake wajawazito maskini, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Alijaribu mambo mengi, hadi alipowapa Marmite, rojo jeusi la bei nafuu linalotengenezwa kwa hamira inayobaki katika viwanda vya bia. Damu yao ilipona. Alichapisha matokeo mwaka 1931, na kwa miaka kadhaa kitu hicho kisichojulikana kiliitwa kwa jina lake. Baadaye kikatambuliwa kuwa ni foleti, ambayo leo kila mjamzito anayehudhuria kliniki hupewa kwa kidonge pamoja na madini ya chuma.

Kisa hicho kina uzito kwa Uganda. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta kuwa zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, malaria na minyoo zikiwamo, na hamira si dawa ya malaria. Lakini sehemu moja ya tatizo iko chunguni, nayo hamira inaigusa. Nafaka na kunde zina asidi iitwayo fitiki, inayoyakamata madini ya chuma na zinki yakapita mwilini bila kufyonzwa. Unga unapoachwa uchachuke, hasa ukiwa na kimea, asidi hiyo huvunjwa kwa kiasi kikubwa na madini huachiliwa. Hivyo mkate uliolala usiku mzima humpa mlaji zaidi ya chapati iliyokandwa na kukaangwa papo hapo, hata unga ukiwa ni ule ule. Muhogo hauna chuma cha kutosha cha kuachiliwa. Kuuchachusha hakuumbi madini ambayo hayamo.

Je, kwete nayo ni chakula? Mtaalamu wa lishe Benjamin Platt, aliyeongoza uchunguzi wa lishe wa Nyasaland, Malawi ya leo, mwaka 1938 na 1939, aliandika baadaye kwamba pombe nzito za Kiafrika huongeza vitamini B ambazo nafaka haikuwa nazo, kwa kuwa hamira haichujwi na mnywaji huinywa. Alichokiona ni kweli kwa upande wa kemia. Hata hivyo kileo kilekile huharibu ini, hudhuru mtoto aliye tumboni, na huzuia mwili kuzitumia vitamini hizo. Kwete haina nafasi katika kikombe cha mtoto au cha mjamzito. Machicha yake, ambayo yana hamira na mabaki ya nafaka, yana mahali pazuri zaidi katika hori la nguruwe na kuku.

Kwa mtoto upo uji uliochachushwa bila kufikishwa kwenye kileo. Katika kijiji cha Ilula, mkoani Iringa, Tanzania, watafiti Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walifuatilia watoto wadogo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1994: waliokunywa uji wa nafaka uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wenzao waliokunywa uji wa kawaida. Sifa kubwa hapo ni ya bakteria wa uchachu, ambao asidi yao huwakwamisha vijidudu vya maradhi. Tena, kimea kidogo huulainisha uji mzito, ukanyweka ukiwa na unga mwingi ndani yake. Kwa mama asiye na friji, hilo ni jambo kubwa.

Wapo wanaolamba hamira mbichi kwa kijiko wakitafuta nguvu au unene. Hilo halisaidii. Seli hai huzishikilia vitamini zake, na zinaweza hata kunyonya vitamini B1 iliyotoka katika chakula kingine tumboni, mbali na gesi zinazosababisha. Hamira ya lishe inayouzwa kwa ajili ya kuliwa huwa imeuawa kwa joto kwanza. Hata hiyo haifai kwa wingi, maana huongeza asidi ya yuriki, na mwenye ugonjwa wa jongo ataumia. Kwa bei yake, maharage, karanga, ufuta na samaki wadogo wakavu wa Ziwa Albert humpa mlaji wa Arua protini nyingi zaidi.

Kwa mwokaji asiyeiamini pakiti ya sokoni, ipo desturi ya zamani inayofanya kazi hadi leo. Kabla ya kukata mandazi, hubakiza donge la unga ulioumuka, kiasi cha ngumi moja, bila mafuta wala sukari ya ziada, akalifunika mahali penye kivuli. Kesho yake hulivunja ndani ya maji ya uvuguvugu na kulikandia unga mpya. Utachukua muda mrefu zaidi kupanda, pengine mara mbili, na ladha itakuwa na uchachu kidogo ambao wateja wengine huupenda. Kwa joto la Koboko donge hilo hutumika siku hadi siku. Likikaa siku tatu bila kulishwa unga mpya, bakteria huishinda hamira, na kinachobaki ni uchachu mtupu usioweza kuinua kitu.